Mshale Hautolewi Njiani

Juzi mmoja wenu niliowafundisha alinipigia simu kutoka huko kazini akaniuliza, "Daktari, wakija wawili na wote wako vibaya, unajuaje nani aingie kwanza?" Nikamwambia chai yangu inapoa na swali hilo halijibiwi kwa simu. Nikakata. Halafu nikakaa na ile chai mpaka ikapoa kweli. Basi hili ndilo jibu langu. Ni refu, na mtanivumilia, maana mimi nimestaafu na nyinyi ndio wenye haraka.

Mnanijua. Ni mimi, Daktari Mwanaisha wa Bondeni, yule wa mtandio mliyekuwa mkisikia kelele zake kwenye ukumbi kabla hamjamwona. Babu yangu alifuata reli kutoka pwani, akawa mpishi wa wafanyakazi, akafika Nakuru akasahau kurudi. Karibu udaktari wangu wote niliufanyia chumba cha dharura. Wenzangu niliosoma nao walienda kuwa mabingwa wa macho na wa moyo, wakajenga Milimani penye miti na ndege. Mimi nilibaki mlangoni, pale machela inapoingilia. Sijuti, ila magoti yangu yana maoni yao.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Dakta Mehta, mzee wa sauti ndogo na miwani mikubwa. Mwaka wangu wa kwanza aliletwa bwana mmoja aliyegongwa na baiskeli akielekea kusimamia harusi. Alikuwa amelala, amefumba macho, kimya kabisa. Mimi nikataka kuonyesha kwamba najua kazi. Nikaita mkasi, nikapasua suruali yake kutoka kwenye pindo hadi kwenye mshipi, mguu wa kulia, nikahamia wa kushoto. Yule bwana akafungua jicho moja akasema kwa upole, "Sista, hiyo suti ni ya kuazima."

Dakta Mehta alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kucheka akaniita kando. "Mwanaisha," akasema, "mgonjwa mwambie kabla hujamgusa. Hata kama amezimia mwambie. Yule aliyezimia ndiye hawezi kukuuliza." Tangu siku hiyo sijamdunga mtu sindano bila kumwambia, na nimezungumza na watu wengi ambao hawakunijibu. Wauguzi wapya walidhani nina kasoro.

Leo mna mashine ya kuangalia ndani ya tumbo mgonjwa akiwa palepale kitandani. Mna mikanda ya kufunga mguu unaovuja damu, inayokazwa kwa kijiti. Sisi tulikuwa na vidole, saa ya mkononi na mabomba ya sindano ya kukopeshana. Siwaonei wivu. Ila nawaona mkiangalia ile skrini mkimpa mgonjwa mgongo, na hilo linaniudhi.

Sasa tuje kwa wale wawili.

Ilikuwa Januari ya 2008, baada ya uchaguzi. Wengi wenu mlikuwa shule ya msingi, na wazazi wenu waliwafungia ndani bila kuwaeleza sawasawa kwa nini. Siasa yake sitawaeleza, kuna watu wanalipwa kuieleza. Nitawaeleza ilivyoonekana kutoka mlangoni kwetu. Kabla ya hapo jeraha lilikuwa jeraha. Majuma yale jeraha likawa linasema mtu ni wa wapi. Mtu akiingia na mshale, maana pinde zilikuwa za upande mmoja tu, kila aliyekaa kwenye benchi alijua ni wa upande gani kabla hajafungua mdomo, na ndugu wa upande ule mwingine walikuwa wamekaa benchi hilohilo. Tuliacha kuita watu kwa majina ya ukoo. Tuliita "Yohana," "Maria," au "wewe wa sweta ya kijani," na mtu akiuliza "Yohana nani?" tulijifanya hatukusikia. Ndiyo maana hata leo hapa sitataja ukoo wa mtu wala kabila lake. Kama mnataka kukisia, kisieni, lakini mjiulize mnakisia ili iweje.

Asubuhi moja simu ilipigwa kutoka kituo cha afya huko juu kwenye Mau, upande wa Olenguruone. Aliyepiga alikuwa afisa wa kliniki, kijana anaitwa Daudi, ambaye niliwahi kumfundisha.

"Daktari, niko na mtu hapa amepigwa mshale kwa kifua, upande wa kulia. Anaitwa Samueli. Analima viazi. Anaongea, lakini anaongea neno mojamoja."

Hapo nilisimama. Mtu akianza kukata sentensi yake vipandevipande ili apumue katikati, kifua kinajaa. Huyo hana siku nzima.

"Umeung'oa?"

"Hapana. Lakini mamake na majirani wako hapa, wanataka tuutoe ndiyo wambebe."

"Daudi, ukae mbele ya huo mshale wewe mwenyewe. Asiguse mtu."

Hospitali ilikuwa na madereva wawili wa ambulensi. Barabara yote ilikuwa na vizuizi, magogo na mawe, na vijana wanaouliza kitambulisho. Jina la dereva wa kwanza lisingepita Njoro. La wa pili lisingepita Molo. Wote walikuwa watu jasiri na wote walisema ukweli. Nikawaangalia mle chumbani, nao wakaniangalia mimi, na nilijua wanachoangalia ni mtandio wangu. Mimi sikuwa wa upande wowote uliokuwa ukiulizwa barabarani. Mtu wa pwani, Mwislamu wa mjini, nani ana shida naye?

Siku hiyohiyo Jaspal, Kalasinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, alikuwa ametuletea magodoro kwa pikapu yake ya turubai. Alikuwa bado anayashusha. Akasikia mazungumzo, akajifuta jasho.

"Mimi nitaendesha," akasema. "Kilemba yangu inaonekana kutoka mbali. Hakuna mtu atasema alinifananisha na mwingine."

Ndivyo tulivyoondoka, mimi na muuza misumari, na mtungi wa oksijeni umefungwa kwa kamba nyuma. Njoro tukasimamishwa, tukapita. Elburgon kulikuwa na moshi lakini barabara ilikuwa wazi. Juu ya Molo tukakuta gogo kubwa limelala barabarani na vijana wengi wameshika mapanga na pinde. Mkubwa wao alikuwa mrefu, amevaa jaketi ya manjano.

"Mathe, mnaenda wapi?"

"Kuchukua mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Nikimfikia ndiyo nitajua."

Akaniangalia sana. Halafu akaamuru gogo lisogezwe. "Sawa," akasema. "Si mtarudi na hii njia? Tutaona huyo mgonjwa."

Tukakata kona mbili. Halafu Jaspal akasema, "Daktari, hao watafungua turubai." Nikamwambia najua.

Samueli tulimkuta ameketi, maana akilala hapumui. Mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mpole, midomo imeanza kubadilika rangi. Mshale ulitokeza mbele, mti wake ukicheza kila alipovuta pumzi. Daudi alikuwa amekaa mbele yake kama nilivyomwambia. Na mbele ya Daudi alikuwa amesimama Mama Samueli, mwanamke mnene kidogo, mikono mipana ya jembe, hasira tele.

"Daktari, toa hiyo kitu," akaniambia hata kabla ya salamu. "Na hiyo kitu kwa kifua hatutapita. Wataona tu, watajua ni nani. Ukitoa, tutasema ameanguka kwa mti."

Nataka mwelewe hapa, kwa sababu nyinyi hupenda kucheka makosa ya watu. Hakuwa mjinga huyu mama. Majuma yale watu wengi waling'oa mishale kwa sababu hiyohiyo, ili ndugu yao apite kizuizini bila kutambuliwa. Na alipita. Alipita vizuizi vyote, akatufikia mlangoni ameshavuja damu yote ndani ya kifua. Mshale umetoboa tundu, na wenyewe ndio kizibo cha hilo tundu. Ukiuvuta, umefungua mfereji, na vile vijino vyake vinararua vikirudi. Kama una sumu, sumu ilishaingia, kuutoa hakuirudishi. Mshale unatolewa chumba cha upasuaji, kifua kikiwa wazi, na mtu mwenye uzi mkononi. Njiani hautolewi.

Nilimweleza hivyo Mama Samueli. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na hao wa barabara?"

"Hao niachie mimi."

Hakuamini, na mimi pia sikuamini, lakini alisogea.

Jaspal akaleta kutoka kwenye pikapu mkasi mkubwa wa kukatia vyuma. Nikazungushia bandeji kuzunguka shina la mshale, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukaacha kucheza. Daudi akashika chini kwa mikono miwili. Nikamwambia mgonjwa, "Samueli, tunakata huu mti uwe mfupi. Hautauma zaidi." Halafu nikajirekebisha. "Nimekudanganya. Utauma kidogo zaidi."

"Kata," akasema. Akavuta pumzi. "Tu."

Jaspal akakata mara moja, safi. Kisha nikamwingizia Samueli mrija ubavuni, chini ya kwapa, wa kutoa damu iliyojaa kifuani, mwisho wake ukiwa ndani ya chupa yenye maji. Damu ilishuka, mapovu yakafuata, na baada ya muda akasema sentensi nzima ya kwanza: "Mama, umefunga ng'ombe?" Daudi alicheka kama mtu aliyetua mzigo.

Tulipoanza kushuka, Mama Samueli alikuwa kwenye ubavu mmoja wa godoro na mimi ubavu wa pili, chupa nimeibana katikati ya miguu yangu ili ikae chini ya kifua cha mgonjwa. Akanishika mkono. "Niahidi atapona."

"Hilo siahidi," nikamwambia. "Sijawahi kumwahidi mtu. Nakuahidi sitatoka kando yake mpaka daktari wa upasuaji ampokee kutoka kwa mkono wangu."

Akauachilia mkono wangu. Hiyo ahadi aliiona ndogo, niliona usoni.

Kizuizi kilikuwa palepale. Jaketi ya manjano akaja mbio kabla gari halijasimama, akafungua turubai mwenyewe. Akamwona Samueli, akaona ile bandeji imevimba kifuani. Akajua. Walio nyuma yake nao wakajua, na kelele zikaanza. Lakini yeye hakuwa na uso wa mtu anayetafuta vita. Uso wake ulikuwa umejaa woga.

"Toa huyo," akasema. "Toa huyo uweke ndugu yangu."

Wakamleta, wamembeba kwa blanketi. Kijana wa miaka ishirini hivi, amekatwa panga juu kabisa kwenye kinena, pale paja linapoungana na mwili. Blanketi lilikuwa linadondoka damu. Nikaweka ngumi yangu pale, damu ikapungua. Nikaondoa, ikaruka. Ulikuwa ule mshipa mkubwa. Mahali pale kamba haina pa kufungwa, maana hakuna nafasi juu yake. Ni mkono tu.

Nikamwambia kaka yake, "Boss, nisikilize. Gari lina nafasi ya wawili. Ukimtoa huyu, nashuka naye, nakaa hapa chini na yeye mpaka mwisho. Ndugu yako ataenda bila daktari. Huyu dereva anauza misumari."

"Kweli kabisa," Jaspal akasema kutoka mbele.

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele kwamba tuuawe sote. Jaketi ya manjano akageuka akamfokea kwa lugha yao, yule akanyamaza. Akaniambia, "Panda na wote wawili."

"Basi nipe mtu wa kumshikilia ndugu yako hapa. Mimi mikono yangu iko na huyu mwingine."

Wakaangaliana. Mmoja akatazama barabara inayoteremka Njoro. Mwingine akatazama chini. Hakuna kati yao ambaye angeweza kushuka upande ule akarudi hai, na mimi nilijua. Kaka mwenyewe akaweka mguu mmoja juu ya pikapu, akautoa. Nilimwona akilia waziwazi, panga bado liko mkononi.

Mkono uliobaki ulikuwa mmoja, wa Mama Samueli. Ningeweza kumpa yeye kazi ya mrija nibane mimi, mnasema? Mrija ulikuwa unaziba kila gari likitingishika, na kuukamua bila kuuvuta hakufundishwi kwenye barabara ya mawe. Kubana ni nguvu tu.

"Mama, njoo uweke ngumi hapa."

Akanitazama kama nimemtukana. "Huyu?"

"Huyu."

"Unajua usiku wao walifanya nini kwetu?"

"Najua. Kama unakataa, kataa sasa nijue, nitafute njia nyingine." Njia nyingine haikuwepo.

Akamwangalia mwanawe. Samueli alikuwa amefumba macho. Akaangalia wale vijana mmojammoja, taratibu, kama anayewahesabu awakumbuke. Halafu akapiga magoti kwenye damu.

"Naweka wapi?"

Nikamwonyesha. Ngumi, si kiganja. Mkono umenyooka, uzito wa bega wote juu yake. Na usifungue kuangalia kama damu imeacha, hili nawaambia na nyinyi pia. Kila ukifungua kuangalia, unaanza upya. Nikamwambia, "Mama, usiachilie mpaka mimi niseme. Ukichoka usiniambie umechoka, wewe bana tu."

Tukashuka. Jaspal alikuwa anaendesha kama amebeba vioo, na mimi nilikuwa nataka aende kasi na nataka aende polepole, yote pamoja. Kijana alikuwa baridi, jasho jembamba, anatetemeka. Nikamwambia ninamwekea dripu, nikamwekea. Akaanza kulia, anamwita mamake.

"Nyamaza," Mama Samueli akamwambia. "Mimi si mama yako."

Lakini mkono haukutoka. Nilikuwa nauangalia ule mkono kuliko nilivyoangalia kitu kingine chochote. Vifundo vya vidole vilikuwa vimekakamaa. Mara mbili nilimwona akimgeukia mwanawe, ngumi ikalegea kidogo, damu ikachungulia, na mara zote mbili akarudisha uzito bila kuambiwa. Niliogopa sana safari ile. Sikuwaogopa wa barabarani peke yao. Nilimwogopa yeye, kwa sababu kama angeachilia, ningelaumu nini?

Chini ya Elburgon, kabla ya Njoro, kulikuwa na kizuizi kingine. Hiki, tulipopita asubuhi, hakikuwepo. Hawa walikuwa upande wa pili, wa kwao Mama Samueli. Walipofungua turubai na kuuona mshale, walimsalimia mama kwa huruma, wakamgusa mwanawe mguu, mmoja akaanza kulaani waliofanya vile. Halafu macho yao yakahamia kwa kijana.

"Na huyu ni nani?"

"Mgonjwa wangu," nikasema.

"Hatukukuuliza wewe, daktari."

Wakamuuliza mama, kwa lugha ya kwao. Sikuijua vizuri lakini niliielewa ya kutosha. Walimuuliza kama huyu ni mmoja wa wale. Neno moja lake, hata kutikisa kichwa tu, lingetosha. Kijana alikuwa amefungua macho anamtazama, na nadhani naye alielewa swali.

Mama Samueli hakuwajibu kwa lugha ya kwao. Alijibu kwa Kiswahili, kwa hasira ya mtu aliyecheleweshwa.

"Fungueni njia. Mkono unaniuma."

Wakafungua.

Tulipoingia hospitalini mchana, chumba kimoja cha upasuaji kilikuwa na mtu tangu alfajiri. Kingine ndiyo kwanza kilikuwa kinafunguka. Daktari wa upasuaji akatoka na kofia kichwani, akaangalia machela mbili, akaniuliza lile swali mliloniuliza juzi kwa simu. "Nani kwanza?"

"Wa paja," nikasema.

Mama Samueli alikuwa ameinama juu ya machela, ngumi mahali pake. Akainua kichwa.

"Daktari. Wangu ndiye wa kwanza."

"Ndiyo, Mama."

"Wangu ndiye ulifuata huko kwetu."

"Ndiyo."

Sasa nyinyi nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo jibu lilipo. Dharura haina foleni. Aliyekuja kwanza, aliyetoka mbali, yule unayemwonea huruma, yule mamake amekusaidia, hayo yote ni kweli na hakuna hata moja linaloingia. Unajiuliza nani anakufa nikigeuza mgongo. Uhai wa yule kijana ulikuwa chini ya ngumi ya mwanamke aliyechoka. Samueli kizibo chake kilikuwa hakichoki. Mrija ulikuwa unafanya kazi, alikuwa anaongea. Kwa hivyo wa paja. Kama mngekuwa pale mngesema vilevile, na kama mngesema vingine ningewafukuza.

Na ngumi isingetoka mpaka daktari abane ule mshipa kwa chuma chake. Basi wakamtupia Mama Samueli gauni la kijani begani, wakamfunga kitambaa kichwani, akaingia chumba cha upasuaji pamoja na kijana, akitembea kando ya machela, bila kumwangalia mtu. Mwanawe alibaki kwenye ukumbi na mimi.

Samueli akaniuliza, "Mama yuko wapi?"

"Ameshika mtu. Anarudi."

"Huyo," akasema, "hawezi kukaa bure." Akatabasamu. Nilikamua mrija, nikamweleza kila ninachofanya, akawa ananijibu "sawa, sawa."

Mama alipotoka, mwanawe ndiyo kwanza alikuwa anaingizwa. Walikutana mlangoni. Hakuweza kumshika kwa sababu mikono ilikuwa na damu na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekataa kufunguka. Akamgusa paji la uso kwa upande wa mkono, hapa juu ya kifundo, akamwambia kitu kwa lugha yao. Mimi nikampeleka ndani, nikamkabidhi kwa daktari kutoka kwa mkono wangu kama nilivyoahidi.

Mshale ulipotolewa, mshipa nyuma ya pafu ukafunguka. Walijaribu sana. Samueli alikufa mezani.

Daktari wa upasuaji aliniambia angekufa hata kama angetangulia. Labda alisema kweli. Labda alinihurumia, maana aliona nilivyokuwa. Najua mtaniuliza, kwa kuzungukazunguka, kama nilikosea siku ile. Sikukosea. Ningefanya vilevile leo, na ningeumia vilevile leo. Msidhani ukiamua vizuri hauumii, aliyewaambia hivyo hajawahi kuamua.

Nilimkuta Mama Samueli kwenye chumba cha wauguzi. Muuguzi mmoja alikuwa amempa beseni la maji ya vuguvugu, ametia mikono yote miwili. Ngumi ya kulia ilikuwa bado imefunga ndani ya maji. Nikavuta kiti nikakaa, magoti yetu yakagusana. Kuna watu husema "tumempoteza," kana kwamba ni ufunguo. Mimi nilisema, "Mama, Samueli amekufa."

Alitazama maji, ambayo yalikuwa yamebadilika rangi kwa damu ya yule mwingine.

"Na yule?"

"Yuko hai. Ataishi."

Huko nje watu walikuwa wanaita machela.

"Ningejua," akasema, "ningeachilia."

Nikatia mikono yangu ndani ya lile beseni, nikaushika mkono wake, nikaanza kuvinyoosha vidole, kimoja kimoja, mpaka ukafunguka.